Marashi Yamegeuka Tui: Kutafuta Kosa Katika Marashi ya Spiriti

Mwezi wa Julai mpwa wangu alinipigia simu kutoka Limuru, asubuhi mapema, sauti ya mtu aliyeharibikiwa. "Shangazi, yale marashi ulonipa yamegeuka tui." Nikamwambia anitumie picha. Kweli. Chupa niliyoijaza kwa mkono wangu hapa Kibokoni, Mombasa, iliyokuwa inang'aa hata ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo, sasa ilikuwa nyeupe kama tui la pili. Nikamwambia aifunge kwenye shali, aikumbatie robo saa, kisha atazame tena. Akanipigia: imerudi safi.

Sababu ni baridi. Mombasa hata Julai ni nadra usiku kushuka sana chini ya nyuzi 20, na spiriti yenye joto hubeba mafuta mengi kuliko ikipoa. Limuru asubuhi ya Julai mtu anaona mvuke wa pumzi yake. Mafuta yaliyokuwa yameshikwa kwa shida yakaachiliwa, yakawa vitone vidogo mno ambavyo kimoja kimoja havionekani, ila kwa pamoja hutawanya mwanga na kufanya weupe. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimezidisha maji, na joto la Mombasa likanifichia.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kila wiki huletewa chupa iliyoharibika, na aliyeileta huwa keshayahukumu mafuta. Mafuta mabaya, nimeuziwa mafuta ya uongo. Mara nyingine ni kweli. Lakini katika chupa ya kawaida ya ml 100, spiriti ni kama ml 75 hadi 80, na kwenye marashi mepesi hupita 90. Kitu kilichojaza chupa ndicho cha kuulizwa kwanza: nguvu yake ni ngapi, usafi wake ukoje, na umeitwisha mzigo gani. Kazi ya spiriti ni kuyayeyusha mafuta yote yawe kitu kimoja, kuyabeba yapite kwenye kipulizio yakiwa ukungu, kisha kuondoka. Huchemka kwenye nyuzi 78, kwa hiyo juu ya ngozi yenye joto haikai. Inaruka na kuinua harufu pamoja nayo. Ikishindwa kazi mojawapo kati ya hizo tatu, wewe utaona dalili.

Yamekuwa meupe, au yana mashapo

Kabla ya kufanya lolote, jiulize weupe ulitokea lini.

Kama ulitokea papo hapo ulipotia maji, basi maji yamezidi au spiriti yako ni dhaifu kuliko unavyodhani. Hili la pili hutokea sana hapa pwani, na lina sababu mbili. Ya kwanza ni haidromita, kipimo cha nguvu ya spiriti. Kipimo kile cha kioo kimetengenezwa kusoma sawasawa spiriti ikiwa nyuzi 20. Duka langu mchana lina nyuzi 30, na kwa joto hilo kitakuongezea pointi mbili au tatu za bure: unasoma asilimia 96, kumbe unayo 93 au 94. Iweke spiriti kidogo kwenye friji mpaka ifike nyuzi 20 ndipo uipime. Sababu ya pili ni hewa yetu. Spiriti kali hupenda maji. Mtungi ulioachwa wazi huvuta unyevu wa hewa, na wakati huohuo spiriti yenyewe inaruka. Mtungi wa lita 5 uliofunguliwa kila siku bila kufungwa vizuri si ule ulioununua mwezi uliopita.

Dawa yake ni spiriti ya 96, kidogo kidogo. Kwa kila ml 100 ongeza ml 5, tikisa taratibu, subiri, tazama. Ikisafika, andika kiasi ulichotia ili mara nyingine usirudie. Mimi kwa marashi mazito huanza na ml 20 za mafuta, ml 75 za spiriti ya 96, na ml 5 za maji. Mafuta yaingie kwenye spiriti kwanza, yakae siku kadhaa, na maji yawe ya mwisho kabisa. Anayeanza kwa kuchanganya mafuta na maji atahangaika bure.

Mafuta nayo hayalingani. Mafuta ya machungwa karibu yote ni limonini, kitu kisichopatana kabisa na maji. Ukipunguza nguvu ya spiriti kidogo tu, yanajitenga. Ndimu na malimau ni jamaa zake. Karafuu ni kinyume: yujenoli, kiini cha harufu yake, huyeyuka vizuri hata kwenye spiriti dhaifu, ndiyo maana mtu anaweza kuchanganya karafuu kwa spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 akafurahi, halafu akijaribu machungwa kwa spiriti ileile anapata tui. Kwa mchanganyiko wenye machungwa mengi, mimi sitii maji.

Kama weupe ulikuja kabla ya maji yoyote, na chupa ikikaa unaona tabaka limetulia chini, hapo ndipo nakubali mafuta yana kesi. Niliwahi kuuziwa nusu lita ya mwasumini na muuzaji nisiyemtaja. Harufu ilikuwa nzuri, bei nzuri. Nikatia ml 1 kwenye ml 9 za spiriti, katika kichupa chembamba, nikaacha kwenye rafu. Asubuhi chini kulikuwa na duara la mafuta mazito kama kiini cha yai, manjano, likizunguka kila nikiinamisha kichupa. Mafuta ya kupikia, au ya nazi yaliyosafishwa. Mafuta ya kula na parafini ya maji ya duka la dawa hayayeyuki kwenye spiriti, na kwa kuwa ni mazito kuliko spiriti hushuka chini. La ajabu ni mafuta ya mbarika, yale ya nyonyo: hayo pekee huyeyuka vizuri, kwa hiyo jaribio hili haliyakamati. Utayajua kwa kunata. Mafuta ya namna hii hayana dawa upande wa spiriti. Yatumie kama yalivyo, ya kupaka.

Weupe unaotokea kwenye friji pekee ndio wa mpwa wangu. Unaweza kuongeza spiriti, au ukayatuliza: weka chupa kwenye friji siku mbili, kisha uyachuje yakiwa bado baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa, umefunika faneli kwa kisahani ili spiriti isiruke. Nta na utomvu hubaki kwenye karatasi. Siku hizi kila ninachouza hulala friji kwanza, kwa sababu sijui mteja ataelekea wapi, na duka lenye kiyoyozi pale Nyali laweza kufanya kilekile kilichofanywa na Limuru.

Mashapo meupe kama unga, yasiyoondoka hata chupa ikipata joto, ni mambo mengine. Hayo ni chumvi na chokaa. Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe na maji ya visima vyake yana chumvi. Chumvi hiyo ikikutana na spiriti kali haina pa kukaa, inajitupa chini. Tumia maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa. Wengine hununua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta, na yale safi kweli hayana madini, lakini kwenye rafu hiyohiyo hukaa asidi ya betri. Soma chupa mara mbili. Na usitie maji ya waridi ya mrashi ukidhani yatazidisha harufu. Yale ni maji, na chupa itayahesabu kama maji.

Harufu ya spiriti haitoki

Puliza kwenye ukanda wa karatasi, uhesabu dakika mbili, kisha unuse.

Kama ukali umeondoka na harufu imebaki nzuri, marashi yako hayana ugonjwa, ni machanga. Marashi ya spiriti huiva. Baadhi ya vitu vya harufu huungana polepole na spiriti na kuwa vitu vipya vilivyo laini zaidi, na zile ncha zinazochoma pua hupungua. Wiki tatu hadi sita, mahali pa giza pasipo joto, chupa imejaa vizuri. Najua mwenye harusi Ijumaa hataki kusikia hivyo. Lakini marashi niliyoyachanganya Jumatatu nikayauza Alhamisi ndiyo pekee yaliyowahi kurudishwa kwangu na mama mzima, mtu wa heshima zake, aliyeyaweka juu ya meza na kusema tu, "Binti, haya hayajaiva." Alikuwa kweli.

Kama dakika mbili zimepita na bado kuna kitu kinanuka, basi ile si spiriti safi, kwa maana spiriti safi ingekuwa imeshaondoka. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu mambo haya huumiza watu.

Spiriti ya zambarau, ile ya kuwashia taa na kusafishia rangi, isiingie kwenye marashi hata tone. Imetiwa methanoli kwa makusudi, na vitu vya kunuka vibaya, na rangi ili ijulikane. Kuna wanaoitoa rangi kwa makaa au kwa dawa ya kufulia, ikawa nyeupe, wakaona imesafika. Rangi imetoka, methanoli iko palepale. Methanoli hupita kwenye ngozi na kwenye pumzi, na ndani ya mwili hugeuka sumu inayoharibu mishipa ya macho. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya, Embu miongoni mwao, kwa pombe iliyokuwa na methanoli, na waliobaki wengine walipofuka. Wao walikunywa, ni kweli. Lakini chupa ya marashi hupulizwa shingoni kila siku, na nyumbani kuna watoto.

Na usijidanganye kwamba utaitambua. Haina rangi, harufu yake haiko mbali na ya ethanoli, ile spiriti safi ya marashi, na haidromita haijui tofauti, kwa kuwa uzito wa methanoli na wa ethanoli ni karibu sawa. Njia ni moja tu: nunua kwa muuzaji anayekupa cheti cha uchambuzi chenye namba ileile iliyo kwenye mtungi. Asiye nacho, hata akiwa mjomba wako, muage kwa heshima.

Isopropili ni nyingine. Haiui kama methanoli ila harufu yake ni ya hospitali, na inachelewa kuondoka, ikafunika mwasumini na waridi. Hii unaweza kuikamata nyumbani: changanya sawa kwa sawa na maji kwenye bilauri, tia chumvi ya kupikia mpaka isiyeyuke tena, koroga, acha itulie. Isopropili itajitenga ikae juu kama tabaka. Ethanoli haitengwi na chumvi ya mezani.

Sanitaiza ya maji nayo imewaponza wengi tangu miaka ya korona. Ile inayofuata maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ina ethanoli asilimia 80, lakini pia ina gliserini na haidrojeni peroksaidi. Gliserini hunata, peroksaidi hula harufu taratibu. Kwa mikono ni nzuri. Kwa marashi haifai.

Na kuna spiriti halali kabisa, isiyo na sumu, ila haikusafishwa vya kutosha. Ethanoli ya hapa Kenya hutoka kwenye molasi ya miwa, kule Muhoroni na Kisumu, na ikikenekwa vizuri haina tofauti na nyingine. Isipokenekwa vizuri ina harufu ya nyuma, kama gunia la sukari lililolowa. Kwenye mtungi huisikii kwa sababu ukali wenyewe unaziba pua. Tia kijiko kimoja cha spiriti kwenye vijiko vitatu vya maji ya vuguvugu, funika kwa kiganja, kisha unuse. Uchafu wote utajitokeza. Nafanya hivi kwa kila mtungi mpya, kabla hata sijalipa salio.

Ukikuta spiriti ya marashi ina uchungu mkali mdomoni, usiogope. Imetiwa uchungu ili watu wasiinywe. Hauna harufu, na hauharibu kitu.

Hayadumu

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote, na ndiyo ambayo mara nyingi hayana ugonjwa. Mtu amenunua maji ya Cologne, yaani marashi mepesi ya mtindo ulioanzishwa na Johann Maria Farina katika mji wa Cologne, Ujerumani, mwaka 1709: malimau, machungwa, bergamoti (jamaa ya machungwa) na majani, mafuta asilimia chache tu ndani ya spiriti. Hayo yaliumbwa kuburudisha na kuondoka, ujipake tena baadaye. Kuyataka yakae tangu asubuhi mpaka Isha, katika joto la Bondeni, ni kuyaonea.

Kama ni marashi yako na unataka yakae, ongeza mafuta mpaka asilimia 15 au 20, na kati ya hayo pawe na mazito: sandali, udi, miski, vanila. Malimau peke yake hata ukiyatia nusu chupa yataruka. Lakini usiondoe spiriti kupita kiasi. Mafuta yakipita theluthi, harufu hulala juu ya ngozi, jirani yako hasikii kitu. Binafsi naona wazee wetu walikuwa wamekwisha kulitatua jambo hili: mafuta mazuri kwenye mwili, nyuma ya masikio na viganjani, na marashi ya kupuliza juu ya nguo. Kimoja kinakaa, kingine kinatangulia.

Na kabla ya kunirudishia chupa, muulize mtu mwingine kama anakusikia. Pua yako mwenyewe huizoea harufu ndani ya muda mfupi.

Ngozi imeungua

Mteja mmoja kijana alikuja na mstari wa kahawia shingoni, kuanzia chini ya sikio hadi kifuani, njia ileile tone la marashi lilivyotiririka. Alikuwa amejitengenezea mwenyewe: maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa, yakaloweshwa kwenye spiriti kali wiki mbili. Akajipuliza, akaenda ufukweni.

Spiriti alikuwa nayo nzuri, na hapo ndipo tatizo. Spiriti nzuri hunyonya kila kitu kwenye ganda, ikiwemo furanokumarini, vitu ambavyo vikipigwa na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha alama za miezi. Ndimu, malimau na zaidi ya yote bergamoti zinazo. Kanuni za kimataifa za watengeneza marashi zinaruhusu mafuta ya bergamoti yaliyokamuliwa yasizidi asilimia 0.4 katika kitu kinachobaki kwenye ngozi iliyo juani. Ndimu iliyokenekwa kwa mvuke haina shida hiyo; iliyokamuliwa au kuloweshwa inayo. Kwa jua la hapa, marashi ya maganda puliza kwenye nguo.

Mwasho mdogo unaopita baada ya dakika, hasa kwa aliyenyoa ndevu, ni spiriti yenyewe tu. Asubiri kidogo baada ya kunyoa.

Rangi imebadilika, chupa inavuja

Rangi ya kahawia kwenye marashi yenye vanila au mwasumini ni kawaida yake, na jua la dirishani huharakisha. Harufu ikiwa sawa, marashi ni sawa. Yaweke kabatini.

Chupa inayovuja huwa imejazwa mpaka shingoni. Spiriti hutanuka kwa joto: ml 100 zilizojazwa zikiwa nyuzi 20, ndani ya gari lililoegeshwa juani na kufika 45, huwa karibu ml 103. Acha nafasi. Kipulizio kikiziba, kitoe, kiloweshe kwenye spiriti tupu usiku, ukipulize mara kumi. Na usiweke marashi ya spiriti kwenye kichupa chenye mpira wa kudondoshea kwa miezi. Mpira hulainika na kuipa chupa harufu yake.

Anayeulizia sala

Wengi huniuliza wakiwa wameshika chupa: naweza kusali nayo? Wanazuoni wamekhitilafiana. Wapo wanaoiona spiriti yoyote inayolevya kuwa najisi, wapo wanaotofautisha ile ya viwandani isiyokusudiwa kunywewa. Si kazi yangu kumtolea mtu fatwa. Kazi yangu ni kuandika kwenye chupa kilichomo, kwa herufi zinazosomeka, na kuwa na mafuta yasiyo na spiriti kwenye rafu ya pili kwa anayeyataka.

Chetezo

Mvuke wa spiriti ya 96 hushika moto kuanzia nyuzi 17 hivi. Mombasa haifiki huko chini, kwa hiyo hapa kila chupa iliyo wazi, saa yoyote, inatoa mvuke unaoweza kuwaka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na sakafuni ndipo tunapoweka chetezo. Sichanganyi marashi nyumba yenye makaa, hata chumba cha pili, na madirisha yote huwa wazi.

Wanaonunua kwangu huwaambia jambo moja wakati nawafungia: anayefukiza nguo kwa udi afukize kwanza, akiondoe chetezo chumbani, ndipo apulize marashi. Asisimame juu ya makaa na leso iliyolowa spiriti.